Maswali na Majibu: Kompyuta Inayoweza Kubeba Okestra

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa watunzi wanaoandika muziki wa okestra bila kuwa na okestra. Wao hutumia maktaba za sampuli, yaani mikusanyo ya sauti za ala halisi zilizorekodiwa noti moja baada ya nyingine, kisha zikapangwa ili mtu aweze kuzipiga kwa kinanda kilichounganishwa na kompyuta. Barua nimezifupisha, lakini hoja za walioziandika sikuzigusa.

SWALI: Ndugu Mhariri, natunga kwa kompyuta mpakato yenye RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 16. Nikifungua ala za nyuzi peke yake mambo huwa shwari. Nikiongeza tarumbeta, pembe na ngoma, sauti huanza kukwaruza, kompyuta huwa nzito, na mara mbili sasa programu imejifunga yenyewe nikapoteza kazi. Rafiki yangu mmoja ananishauri nitafute kompyuta yenye prosesa ya kasi zaidi, na mwingine anasema niongeze RAM tu. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa dalili ulizozieleza, huyo wa pili yuko karibu zaidi na ukweli. Hata hivyo, usitoe fedha kabla hujaitazama kompyuta yako ikiwa kazini, kwa sababu RAM ikipungukiwa huweza kuwasingizia wenzake, na mtu akanunua prosesa mpya huku tatizo likibaki palepale.

Kazi ya kuchezesha sampuli imegawanywa kwa watumishi watatu. RAM hushika mwanzo wa kila sampuli, diski huleta kilichobaki, na prosesa huchanganya vyote na kuvifikisha kwenye spika kwa wakati. Utaratibu huu haukuwapo tangu mwanzo. Zamani sampuli nzima, kuanzia upinde unapougusa uzi hadi mwangwi unapofifia, ilipaswa kuingia yote kwenye RAM, na ndiyo maana noti ndefu za vifaa vya miaka hiyo mara nyingi zilikuwa vipande vifupi vilivyozungushwa tena na tena. Mwaka 1998 kampuni ya NemeSys ilitoa GigaSampler, programu iliyopakia mwanzo tu wa sampuli na kuusoma mwendelezo wake kutoka kwenye diski wakati mpigaji akiwa bado ameishikilia noti. Kontakt, mojawapo ya programu za kuchezesha sampuli, na nyingine nyingi za leo zinafuata wazo hilohilo.

Sasa tupige hesabu, maana bila hesabu suala hili hubaki la kubahatisha. Chukua kundi la fidla za kwanza na namna moja tu ya upigaji, ile ya noti ndefu. Tuseme waliorekodi walichukua noti 24, kila noti kwa tabaka 4 za nguvu kuanzia laini hadi kali, na kila tabaka mara 2 ili noti inayorudiwa isisikike kama mashine. Hizo ni sampuli 192. Ikiwa zilinaswa na maikrofoni zilizowekwa sehemu 3 za ukumbi, zinakuwa 576. Kontakt, usipoibadilisha, hupakia KB 60 za mwanzo wa kila sampuli. Kwa hiyo upigaji huo mmoja unachukua takriban MB 34. Ongeza stakato, pizikato, tremolo na nyinginezo hadi zifike namna 12, na kundi hilo moja la fidla litakuwa limekalia karibu MB 415. Ala 20 za aina hiyo zinamaliza GB 8 kabla hujagusa kinanda, na bado mfumo wa kompyuta, programu ya kurekodia na vichakata sauti vyako vinadai sehemu yao.

RAM ikijaa, mfumo wa kompyuta hauachi kufanya kazi mara moja. Huanza kuhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno kwa kazi hiyo, na hapo diski huonekana imelemewa, sauti hukwaruza, na mwenye kompyuta hudhani prosesa ndiyo imechoka. Kulijua hili, fungua mradi wako mzito kabisa, usiuchezeshe, kisha angalia Task Manager ikiwa unatumia Windows, au Activity Monitor ikiwa ni Mac. Kwenye Mac kuna grafu ya shinikizo la kumbukumbu: ikiwa ya kijani uko salama, ikigeuka njano au nyekundu jibu umelipata. Kwenye Windows, kumbukumbu iliyofikia zaidi ya asilimia 90 huku muziki ukiwa umesimama inatosha kukuambia kwamba mradi wako umezidi uwezo wa RAM.

Dalili za wale wengine wawili ni tofauti. Diski ikishindwa, noti huanza vizuri kisha hukatika katikati, na mara nyingi ukiurudia mstari uleule mara ya pili husikika safi, kwa kuwa data zake sasa zimeshatunzwa kwenye RAM. Prosesa ikishindwa, mikwaruzo huongezeka kadiri unavyoongeza vichakata vya mwangwi na vinginevyo, na hupungua au hutoweka unapoikuza bafa. Bafa ni kile kifungu cha sauti ambacho prosesa hukiandaa kwa mkupuo mmoja kabla ya kukikabidhi kwa spika. Kikiwa kikubwa, prosesa hupata nafasi ya kupumua.

Kabla ya kununua chochote, jaribu haya. Ondoa maikrofoni usizozihitaji. Ninalisisitiza hili kuliko yote, kwa sababu maikrofoni huzidisha kila kitu kwa mpigo: RAM, diski na prosesa. Toleo dogo la okestra ya BBC lililotolewa na Spitfire Audio, linaloitwa Discover, lina takriban MB 200. Toleo la Professional la okestra hiyohiyo lina takriban GB 600. Wachezaji ni walewale na studio ni ileile ya Maida Vale jijini London. Kilichopanua maktaba hiyo ni wingi wa namna za upigaji, tabaka za nguvu na mikondo 20 ya maikrofoni na michanganyiko yake. Wakati wa kutunga, mchanganyiko mmoja wa maikrofoni ulioandaliwa na watengenezaji unatosha kabisa, na maikrofoni za karibu au za mbali unaweza kuziita siku ya mwisho, pale wimbo unapozihitaji kweli.

Pili, ikiwa maktaba zako ziko kwenye SSD, yaani diski isiyozunguka, punguza kiasi kinachopakiwa mwanzoni mwa kila sampuli. Katika mfano wetu, kushuka kutoka KB 60 hadi KB 12 kunazipunguza zile GB 8 hadi chini ya GB 2. Tatu, tumia amri ya Kontakt ya kuondoa sampuli zote kwenye kumbukumbu na kuziacha zirudi zile tu zinazopigwa. Fidla ambayo katika wimbo wako haishuki chini ya noti fulani haina sababu ya kushikilia RAM kwa ajili ya noti ambazo hutazipiga. Nne, zima kabisa traki ambazo hujazifikia. Programu za kurekodia kama Cubase na Reaper zinakuruhusu kuziacha traki zikiwa zimepangwa tayari lakini bila kupakiwa, kisha unaziamsha moja moja.

Baada ya hapo, ikiwa kumbukumbu bado imejaa, ongeza. Kwa maoni yangu GB 16 ni za kuchorea wazo, GB 32 zinabeba wimbo kamili kwa mtunzi mwenye nidhamu, na GB 64 ndizo ninazomshauri yeyote anayetaka okestra nzima ikae wazi muda wote bila kuhangaika. GB 128 zinawafaa wanaofanya kazi ya filamu wakiwa na mamia ya traki na maikrofoni kadhaa kwa kila ala. Hakikisha tu kwamba kompyuta yako inakubali kuongezwa. Katika kompyuta za Mac zenye chipu za Apple, zilizoanza kuuzwa Novemba 2020, na katika kompyuta mpakato nyingi nyembamba, RAM haibadilishwi baada ya kununua, kwa hiyo kiasi unachochagua siku ile ya dukani ndicho utakachoishi nacho.

SWALI: Maktaba zangu zimefikia TB 2, na zote ziko kwenye diski ya nje ya kuzunguka. Nataka kuhamia SSD. Muuzaji ananihimiza nichukue ya NVMe (aina mpya zaidi ya muunganisho) yenye kasi ya MB 7,000 kwa sekunde, ingawa ya SATA (aina ya zamani) yenye nafasi ileile ni nafuu. Je, tofauti yake nitaisikia? Na ni kweli kwamba SSD huchakaa upesi kwa kazi ya namna hii?

JIBU: Tofauti kati ya diski ya kuzunguka na SSD yoyote ile utaisikia siku hiyohiyo. Tofauti kati ya SATA na NVMe utaiona kwenye saa unaposubiri mradi ufunguke, lakini sikio halitaitambua.

Sababu yake ni hii. Sauti ya stereo ya biti 24, kwa kiwango cha kilohezi 48, yaani vipimo 48,000 vya sauti kwa sekunde, ina uzito wa baiti 288,000 kwa kila sekunde. Zile KB 60 zilizokwisha kupakiwa kwenye RAM ni muziki wa moja ya tano ya sekunde hivi, na huo ndio muda wote ambao diski hupewa kuleta kilichobaki. Sasa weka vidole kwenye kinanda ubonyeze akodi ya noti 4 za fidla. Katika maktaba nyingi noti ndefu huchezesha tabaka zote za nguvu kwa pamoja, ili ukisukuma gurudumu la kinanda sauti ipande kutoka laini hadi kali bila kuruka. Hata tabaka usizozisikia kwa wakati huo zinaendelea kusomwa kimya kimya chini ya ile unayoisikia. Noti 4 kwa tabaka 4 kwa maikrofoni 3 ni mikondo 48 ya sauti kutokana na mkono mmoja. Kichwa cha diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huhitaji takriban milisekunde 12 kutoka sehemu moja ya diski hadi nyingine na kusubiri data ipite chini yake. Safari 48 za namna hiyo zinazidi nusu sekunde. Muda uliopo ni moja ya tano ya sekunde. Hata mfumo wa kompyuta ukizipanga safari hizo kwa busara, ukiongeza selo na besi noti zitakatika tu.

SSD haina kichwa cha kurusharusha. Kuifikia data popote ilipo huichukua sehemu ndogo sana ya milisekunde, na ndiyo maana unaweza kupunguza kiasi kinachopakiwa mapema, kama nilivyoeleza katika jibu lililotangulia, bila noti kukatika. Manufaa yako kwa hiyo ni mawili: diski inafanya kazi yake vizuri na RAM inapata nafuu.

Kuhusu ujazo wa data, tuseme okestra nzima inapiga kwa nguvu zote na mikondo imefika 500. Zidisha kwa baiti 288,000 upate MB 144 kwa sekunde. SSD ya SATA husoma hadi karibu MB 550 kwa sekunde. Na hesabu hiyo ni ya sampuli zisizobanwa. Kontakt ina mfumo uitwao NCW, ambao hubana sampuli bila kupoteza ubora, kwa hiyo mzigo halisi mara nyingi huwa mdogo zaidi. Kasi ya MB 7,000 ni nzuri kwa kupakia mradi mkubwa haraka asubuhi, na ikiwa kompyuta yako ina nafasi ya NVMe na tofauti ya bei ni ndogo, sina sababu ya kukuzuia. Lakini ikiwa tofauti hiyo ndiyo inayokuzuia kupata TB 4 badala ya TB 2, chukua nafasi uiache kasi. Maktaba hazipungui, na baadhi yake wakati wa kusakinisha huhitaji nafasi karibu maradufu, kwa sababu faili zilizopakuliwa na zile zilizofunguliwa hukaa pamoja kwa muda.

Jambo moja linalosahauliwa ni waya. Niliwahi kuhamishia maktaba ya ala za nyuzi kwenye SSD ya nje, na kwa wiki nzima noti zilikatika kama ilivyokuwa kwenye diski ya zamani. Nilikuwa tayari kuirudisha SSD ile dukani. Kumbe nilikuwa nimetumia waya wa kuchajia simu, wenye ncha ileile ya USB-C lakini ndani yake mna uwezo wa USB 2.0 tu, yaani megabiti 480 kwa sekunde, ambazo kwa matumizi halisi ni karibu MB 40. Nilipotumia waya uliokuja na diski, tatizo likaisha papo hapo. Tundu lenyewe pia liangalie: la gigabiti 5 kwa sekunde linatosha, la gigabiti 10 linatosha na kusaza, na ile ya Thunderbolt ni ziada.

Kuhusu kuchakaa, usiwe na wasiwasi. Kinachoichosha SSD ni kuandika, na maktaba ya sampuli huandikwa mara moja siku ya kusakinishwa, kisha husomwa tu kwa miaka. Diski yako ya kuzunguka usiitupe. Nakili maktaba zote humo uihifadhi mbali na kompyuta, kwa sababu siku SSD itakapoharibika, kuipakua upya TB 2 ni kazi ya siku nyingi.

SWALI: Je, kadi ya michoro yenye nguvu husaidia? Na kadi ya sauti ya nje je?

JIBU: Kadi ya michoro haisaidii. Programu hizi hazipeleki kazi ya sampuli huko, na ile iliyomo ndani ya prosesa inatosha kuonyesha skrini mbili za traki. Tena kadi kubwa huleta feni, na feni huleta kelele kwenye chumba cha kurekodia.

Kadi ya sauti ya nje haipunguzi mzigo wa sampuli, lakini iliyo nzuri huja na draiva (programu inayoiunganisha kadi na kompyuta) iliyoandikwa vizuri, na kwenye Windows draiva ya ASIO, aina iliyokusudiwa kazi ya sauti, iliyotengenezwa na watengenezaji wa kadi yenyewe ndiyo inayokuwezesha kutumia bafa ndogo bila mikwaruzo. Ukiwa unatumia kadi iliyo ndani ya kompyuta pamoja na draiva ya jumla, hapo kuna manufaa ya kweli ya kubadilisha.

SWALI: Nikipiga selo kwa legato, yaani noti zilizounganishwa, sauti inachelewa kutoka. Nimeshusha bafa hadi 64, na sasa mikwaruzo imejaa na ucheleweshaji bado upo. Kompyuta yangu ina prosesa yenye viini 16. Nifanye nini zaidi?

JIBU: Rudisha bafa yako hadi 256, ndugu msomaji, kwa maana unaiadhibu kompyuta kwa kosa ambalo si lake.

Bafa ya 256, yaani vipimo 256 vya sauti, kwa kilohezi 48 ni milisekunde 5 na kidogo. Ya 64 ni milisekunde 1 na theluthi. Kwa hiyo, katika mruko huo wote uliookoa ni milisekunde 4 kwa kila bafa, ilhali prosesa imelazimishwa kumaliza kazi ileile kwa vifungu vidogo mara nne zaidi kwa sekunde. Unachokisikia kwenye legato kimo ndani ya maktaba yenyewe. Waliorekodi walimwomba mpiga selo atoke noti moja kwenda nyingine bila kuinua upinde, na ule mtelezo kati ya noti hizo mbili ndio unaochezeshwa kwanza kabla noti mpya haijatua. Mtelezo huo unaweza kuchukua milisekunde 60, 100, hata zaidi, na katika maktaba nyingi urefu wake hubadilika kufuatana na nguvu uliyobonyezea. Hakuna prosesa itakayoufupisha, na wala usingetaka ufupishwe, kwa sababu ndio unaoifanya selo iimbe.

Jaribu hivi ujiridhishe. Chagua stakato ya selo hiyohiyo, kwa bafa ileile ya 256, upige noti moja fupi. Ikitoka bila kuchelewa, kompyuta yako haina hatia. Kisha rudi kwenye legato, urekodi mstari wako ukiufuata moyoni na si kwa sikio, halafu ipe traki hiyo muda hasi katika programu yako ili noti zitangulie kwa kiasi ambacho maktaba inahitaji. Watengenezaji wengi hukitaja kiasi hicho katika mwongozo wa maktaba. Wengine hupigia mstari kwa upigaji wa kawaida usio na mtelezo, kisha hubadilisha kuwa legato baada ya kurekodi. Nami ndivyo ninavyofanya, kwa sababu mikono yangu hufuata mdundo vizuri zaidi.

Ikiwa hata stakato inachelewa, angalia traki kuu ya mwisho. Baadhi ya vichakata vya kumalizia wimbo, kama vile vidhibiti vya kilele na visawazishi vya masafa vinavyolinda awamu, huhitaji kutazama mbele kabla ya kutenda, na kwa hiyo huchelewesha okestra nzima. Vizime unapopiga, viwashe unapochanganya, na wakati wa kuchanganya ipandishe bafa hadi 1,024 bila hofu.

Kuhusu viini 16: idadi ya viini hukusaidia kubeba traki nyingi, lakini traki moja pamoja na msururu wa vichakata vyake kwa kawaida hushughulikiwa na kiini kimoja, kwa kuwa kila kichakata hulazimika kusubiri kilicho mbele yake kimalize. Kwa hiyo, unapotumia bafa ndogo, kasi ya kiini kimoja ndiyo inayoamua. Ndiyo maana kompyuta yenye viini 8 vya kasi huweza kuishinda yenye viini 16 vya polepole kwa mtu anayepiga moja kwa moja. Ikiwa umerundika ala 16 ndani ya dirisha moja la Kontakt, zitawanye katika madirisha kadhaa, kila moja kwenye traki yake, ili programu ya kurekodia iweze kuzigawa kwa viini tofauti. Na ikiwa ni kompyuta mpakato, iache kwenye umeme na uchague mpangilio wa nguvu za juu. Prosesa inayopunguza kasi ili kuokoa betri hukwaruza hata pale kipimo kinapoonyesha kwamba imetumia theluthi tu ya uwezo wake. Kwenye Windows, jaribu pia kuzima Wi-Fi kwa muda unapopiga, kwa sababu draiva yake huweza kuikatiza prosesa ghafla, na kuna programu ya bure iitwayo LatencyMon itakayokuonyesha ni draiva ipi inayokatiza.

SWALI: Nina kompyuta mpya yenye RAM ya GB 32 isiyoongezwa, na ya zamani ya mezani yenye GB 32 pia. Je, naweza kuziunganisha nipate GB 64?

JIBU: RAM zenyewe hazitaungana kuwa moja, lakini mzigo unaweza kugawanywa, na watunzi wamefanya hivyo tangu enzi ambazo mfumo wa biti 32 uliizuia programu moja isitumie zaidi ya GB 4. Programu inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Vienna Ensemble Pro ya Vienna Symphonic Library. Unaiendesha kwenye kompyuta ya zamani, unapakia ala huko, na programu yako ya kurekodia iliyo kwenye kompyuta mpya inatuma noti kwa mtandao na kupokea sauti iliyokwisha kuchanganywa.

Waya wa mtandao wa gigabiti 1 unatosha. Mikondo mamia kwa mamia ya sampuli husomwa na kuchanganywa kulekule kwenye kompyuta ya zamani. Kinachosafiri ni stereo chache za makundi ya ala, kila moja ikiwa na uzito wa MB 0.3 hivi kwa sekunde, au zaidi kidogo. Usitumie Wi-Fi, hata kama kipimo chake kinasoma kasi kubwa, kwa sababu sauti haihitaji kasi kubwa ya wastani. Inahitaji kila kifungu kifike kwa wakati, na Wi-Fi haiwezi kukuahidi hilo. Maktaba zitakazochezwa huko lazima zikae kwenye SSD ya kompyuta hiyo, si kwenye ile mpya, na leseni zake ziruhusu matumizi ya kompyuta mbili, jambo ambalo wenye maktaba tofauti hulishughulikia kwa namna tofauti.

Faida ambayo wengi hawaitarajii ni kwamba ala zilizoko kwenye kompyuta ya pili hubaki zimepakiwa hata unapofunga wimbo mmoja na kufungua mwingine. Hasara ni kwamba njia hiyo huongeza ucheleweshaji wa bafa moja au zaidi, kulingana na ulivyoipangia. Kwa sababu hiyo, ziache kwenye kompyuta mpya ala unazozipiga kwa mkono siku nzima, yaani nyuzi na piano, na upeleke kwenye ya zamani zile ambazo huwa unaziandika polepole kwa panya: timpani na ngoma nyingine, kinubi, kwaya. Anza na ngoma, kwa kuwa sampuli zake ni nyingi na RAM utakayoiokoa utaiona mara moja.